Dakika Arobaini na Tano

Ngara Mjini,
2 Februari 2025

Mpwa wangu Ildefonsa,

Pokea salamu za mlimani. Huku ukungu hautoki mpaka saa nne asubuhi na soko linafunguka watu wakiwa bado wamejifunika makoti. Mama yako Odeta ni mzima kabisa, ana nguvu za kutosha kunisema sokoni kwamba dada mtu akinipigia sipokei, eti tangu nistaafu ualimu nimevimba kichwa. Mama Priscila anakusalimu. Yule mbuzi wa madoa amezaa mapacha.

Sasa nikueleze habari ya simu kabla hujalishwa uongo. Mwanangu Priscila alipokuja Krismasi aliniachia simu yake ya zamani, ile kubwa, nikaweka laini yangu humo. Ndani nikakuta gemu la mpira wa kikapu. Usicheke. Humo sirushi mpira hata mmoja, mimi ni kocha. Napanga kikosi, napanga mazoezi, naamua nani aingie na nani atoke. Tatizo ni kwamba mtu akipiga simu, mechi inakatika na gemu linaandika kuwa timu yangu imejitoa. Mwezi uliopita tulikuwa fainali, tunaongoza kwa pointi tisa, mama yako akapiga kuuliza ngazi iko wapi. Ngazi, Ildefonsa! Tangu siku hiyo nimeiweka simu kwenye ile alama ya ndege. Mwenye shida aandike barua ampe Hakizimana, kondakta wa basi la asubuhi. Anapita hapo Nyakahura kila siku, na kwangu anapajua.

Timu yangu inaitwa Ngara Mlimani na wachezaji nimewapa majina mwenyewe. Katekista wetu mzee Nduwayo nimempa urefu wa mita mbili na sentimita kumi, anacheza chini ya kikapu. Bwana mifugo anatupia kutoka mbali. Mama Priscila anapora mipira kama anavyopora rimoti. Jumla ni kumi na wawili; wa kumi na mbili yuko benchi, huyo tumwache.

Siri ya ushindi wangu ni dakika. Kila mchezaji ana mstari wa nguvu juu ya kichwa. Ukiwa wa kijani, acheze. Ukianza kuwa mwekundu, atoke, hata awe nani. Kwangu hakuna anayevuka dakika thelathini. Misimu sita sasa, aliyeumia ni katekista peke yake, na hata yeye aliteleza kwa uzembe wake.

Niandikie habari za shule. Nasikia wamekupa michezo.

Mjomba wako mwenye kazi nyingi,
Desderius

---

Nyakahura,
16 Februari 2025

Mjomba,

Shikamoo. Hongera kwa kazi mpya. Mimi nilidhani wastaafu wanalima kahawa.

Huku tunaendelea, namshukuru Mungu. Jua ni kali, ng'ombe wanakatiza uwanja wetu kwenda kunywa maji katikati ya mazoezi, na malori ya barabara kuu yanatupigia honi tukifunga. Mwambie mama blanketi nimelipata. Mwambie pia Mama Priscila kwamba amekuwa mchezaji, maana nina wasiwasi hajui.

Ni kweli wamenipa michezo. Nina wasichana saba wanaojua kikapu ni nini, na mmoja anayejua kucheza. Anaitwa Agness, yuko kidato cha tatu, baba yake ni mfugaji hapa hapa Nyakahura. Mtoto mrefu, mpole, akipewa mpira utadhani alizaliwa nao. Mashindano ya wilaya fainali yake ni Mei. Mkuu wa shule ameshasafisha kabati la kuwekea kombe. Kombe halipo, kabati linang'aa.

Shida ni hii. Agness anacheza mechi nzima, dakika zote arobaini, kwa sababu akitoka tunafungwa. Tangu wiki jana, baada ya mechi anakaa chini anashika goti la kushoto, pale chini ya kifuniko. Nikimuuliza anasema "haliumi, mwalimu." Namwonyesha kuruka kwa mdomo tu, kuruka mwenyewe siwezi, unajua. Wenzangu hapa wananiambia ni kukua, litapita.

Wachezaji wangu hawana mstari juu ya kichwa. Nitajuaje kwamba sasa inatosha? Wewe ulifundisha miaka thelathini na moja, na sasa una katekista wa mita mbili. Nisaidie.

Mpwa wako,
Ildefonsa

---

Ngara Mjini,
1 Machi 2025

Mpwa wangu,

Marahaba. Barua yako Hakizimana alinikabidhi ikiwa na harufu ya samaki, lakini ilisomeka. Hapa mvua zimeanza, paa la jikoni linavuja pale pale pa mwaka jana. Mama yako amepata ngazi. Ilikuwa kwake.

Umeuliza swali la mtu mwenye akili, na nimefurahi sana. Vijana wa leo wanadhani ukocha ni kupiga filimbi. Sikiliza basi.

Dakika thelathini, zisizidi. Usimchezeshe mfululizo, mpe robo ya kwanza, katikati ya robo ya pili mtoe anywe maji, mrudishe baadaye. Mkiwa na mechi mbili siku mbili mfululizo, ya pili mpunguzie. Gemu langu linaonyesha hatari ya kuumia kwa asilimia: mchezaji aliyepumzika ni mbili, aliyechoka ni kumi na moja, aliyechoka na ameshaanza kulalamika goti ni thelathini na nne. Thelathini na nne, Ildefonsa! Hiyo ni bahati nasibu, na kiungo cha mtoto wa watu hakichezewi bahati nasibu.

Halafu mtazame. Mchezaji mzuri hakuambii amechoka, anaona aibu. Utaona anashika kiuno, anarudi nyuma akitembea, au anainua mkono kidogo kisha anaushusha haraka. Kocha anayeona hayo na kumwacha mtoto uwanjani kwa sababu ya kombe, huyo si kocha, hafai hata kusimamia bao. Akivunjika amemvunja yeye, asitafute wa kumsingizia.

Nimechangamka kuandika mpaka chai imepoa. Ngara Mlimani inaongoza ligi. Bwana mifugo amekasirika nimempumzisha mechi tatu, lakini magoti yake yatanishukuru.

Vipi hapo, mahindi yameota? Nyumba ya walimu wamewawekea maji? Unakula vizuri? Niandikie kila kitu.

Mjomba wako,
Desderius

---

Nyakahura,
20 Aprili 2025, Pasaka

Mjomba,

Shikamoo, na heri ya Pasaka kwenu nyote. Mahindi yameota. Maji hawajaweka. Ninakula vizuri.

Barua yako niliipata tarehe 4 Machi. Usimgombeze Hakizimana, aliileta siku aliyopaswa kuileta. Wala sikukosa muda wa kujibu. Niliisoma mara moja, nikaiweka ndani ya kamusi, nikawa kila nikiitafuta kamusi naazima ya jirani.

Nikupe habari za mashauri yako kwanza. Dakika zako thelathini ni za robo ya dakika kumi na mbili. Robo zetu ni za kumi. Nimepiga hesabu, kwa Agness ni ishirini na tano. Saa ya ukutani hatuna, kwa hiyo nilimwomba mwalimu Leonidasi wa hesabu akae benchi na karanga za kukaanga na kikombe kitupu. Kila dakika Agness anayocheza, Leonidasi anatia karanga moja kwenye kikombe. Zikifika ishirini na tano, ananigusa bega.

Nusu fainali ilikuwa ngumu. Nikimgeukia Leonidasi, "Bado kumi." Nikimgeukia tena, "Bado kumi na mbili." Mjomba, mwalimu wa hesabu alikuwa anazila! Mkono mmoja unatia, mwingine unatoa, macho yako kwenye mpira. Agness alicheza dakika thelathini na saba. Tulishinda. Alitoka uwanjani ameshikiliwa na wenzake wawili, akaniambia "haliumi, mwalimu," huku machozi yanamtoka.

Shule nzima inamcheka Leonidasi. Mimi nilicheka pia, siku ile. Lakini mtu haambiwi na karanga kwamba dakika zinakwenda nyuma. Nilikuwa najua. Tulikuwa mbele kwa pointi tatu, na nilitaka kuziamini zile karanga.

Hapo ndipo nilipotoa barua yako ndani ya kamusi. Umeniuliza mahindi, umeniuliza maji, umeniuliza chakula. Kila barua na kila Krismasi kwa miaka kumi na sita umeniuliza kila kitu kilichopo ndani ya nyumba na nje yake. Nami nina swali moja tu. Fainali ya wilaya mwaka 2009, wewe ukiwa kocha wangu: nilicheza dakika ngapi?

Mpwa wako,
Ildefonsa

---

Ngara Mjini,
27 Aprili 2025

Mpwa wangu,

Marahaba. Pasaka tulisherehekea vizuri, misa ilikuwa ndefu, paroko alisahau miwani. Mama yako alipika ndizi za kututosha mpaka Jumatano. Mbuzi mmoja kati ya wale mapacha ameuzwa. Paa la jikoni nimelifunika na turubai.

Habari ya Leonidasi imetuchekesha sana. Mshauri atumie mahindi makavu.

Ngara Mlimani tumefungwa mara mbili mfululizo. Sijui nimepatwa na nini, sioni mchezo.

Kuhusu lile swali lako, ni zamani sana. Madaftari ya michezo ya miaka ile yalikuwa kwenye sanduku chini ya kitanda, na mchwa waliyamaliza.

Jitunze.

Desderius

---

Nyakahura,
5 Mei 2025

Mjomba,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia wote wazima. Poleni kwa mchwa. Mchwa wa Ngara wana akili, wanakula mwaka 2009 wanaacha kadi yako ya chama.

Fainali ni tarehe 17. Mkuu wa shule ameniita ofisini, akanisimamisha mbele ya lile kabati, akaniambia amealika wageni na Agness atacheza mwanzo mpaka mwisho. Nikamwambia habari ya goti. Akasema zahanati walimpa dawa ya kuchua, kwa hiyo limepona. Akaongeza kwamba kama naona kazi ya michezo ni nzito, wapo walimu wengine.

Agness mwenyewe nilimuuliza. Akasema, "Mwalimu ukiniambia nicheze, nitacheza." Unaisikia hiyo sauti, Mjomba? Mimi naijua, ilikuwa yangu. Mtoto aliyelelewa vizuri hamwambii mtu mzima hapana, na sisi watu wazima tunaijua hiyo tabia na tunaitumia.

Naogopa. Nikimtoa tukafungwa, nitaonekana mwoga na michezo nitanyang'anywa. Nikimwacha, nitakuwa najua nilichofanya, kila asubuhi, kila akipanda ngazi za darasa. Sina ushauri ninaouomba. Umeshanipa asilimia.

Nijibu swali langu. Usinieleze paa. Nataka namba.

Ildefonsa

---

Ngara Mjini,
11 Mei 2025

Ildefonsa mwanangu,

Arobaini na tano.

Arobaini za mchezo na tano za nyongeza. Daftari lipo. Hakuna mchwa. Liko kwenye sanduku nililokutajia, na ukurasa huo naujua bila kuufungua.

Robo ya tatu uliinua mkono. Si kidogo, uliuinua mpaka juu, ukanitazama. Nami nikageuka nikajifanya naongea na mwamuzi wa mezani. Nilimuuliza saa ngapi, na saa ilikuwa mbele yake. Nilipogeuka tena ulikuwa umeshaushusha, nikajiambia kumbe alikuwa anajikuna. Nyongeza ikaja, ukaruka, ukatua, na ule mlio niliusikia kutoka benchi.

Ulikuwa umeshachaguliwa timu ya mkoa. Daktari alipotuambia kano imekatika na hutacheza tena, mama yako alinitazama mimi, wewe ukatazama dirisha. Nikawaambia ni mapenzi ya Mungu. Mungu nimemsingizia miaka kumi na sita. Kombe lenyewe lipo hadi leo kwenye ofisi ya walimu, nilikwenda kuliangalia wiki hii. Wanawekea vipande vya chaki.

Goti sikukuuliza kwa sababu nilijua utanijibu.

Nisamehe, Ildefonsa. Nilikuwa mtu mzima, wewe ulikuwa mtoto wa dada yangu, na nilikuona.

Kuna jambo lingine, nalo ni la kijinga, lakini nimeshaanza kusema kwa hiyo nimalize. Yule mchezaji wa kumi na mbili wa Ngara Mlimani ni wewe. Nilikutengeneza siku ya kwanza kabla ya mwingine yeyote. Uwezo nilikupa ule ule uliokuwa nao, sikuongeza hata chembe. Basi, toka siku hiyo sijakuingiza hata dakika moja. Kidole kinafika kwenye jina lako kinarudi. Kila mwisho wa msimu gemu linaniandikia: *Ildefonsa hana furaha na nafasi yake, anaomba kuondoka.* Nami nabonyeza "kataa".

Tarehe 17 mtoe yule mtoto. Wakikuuliza, mwambie mkuu wako kwamba yupo mzee Ngara ana kombe la chaki, akilitaka kwa kabati lake aje achukue.

Mjomba wako,
Desderius

---

Nyakahura,
25 Mei 2025

Mjomba,

Shikamoo. Mvua zimeisha huku, barabara imeanza vumbi. Maji bado. Mimi ni mzima. Goti la kushoto linauma asubuhi za baridi na nikisimama darasani vipindi viwili mfululizo. Ngazi nashuka kwa upande. Haya, nimekujibu, na hakuna aliyekufa.

Nikueleze fainali. Leonidasi nilimpa mahindi makavu, nikamwambia ajaribu kuyatafuna aone. Agness nilimtoa katikati ya robo ya pili. Mkuu wa shule akasimama kwenye kiti cha mgeni rasmi. Nikamrudisha, akakaa. Tukaenda hivyo, yeye anasimama, anakaa, mpaka wageni wakaanza kumtazama yeye badala ya mpira. Robo ya nne, zimebaki dakika tatu, pointi sawa kwa sawa, punje zimefika ishirini na tatu. Nilikuwa na punje mbili mkononi, Mjomba. Nilikuwa naweza kusema dakika zake bado zipo.

Agness akainua mkono. Kidogo tu, usawa wa sikio, akaanza kuushusha. Nikapiga kelele mpaka ng'ombe wakashtuka. Nikamtoa.

Tulifungwa kwa pointi nne.

Jumatatu mkuu wa shule aliniita, akaniambia michezo amempa mwalimu Leonidasi. Leonidasi akaja kwangu jioni na kikombe chake kuniomba nimfundishe kuhesabu dakika, maana anaogopa mimi nitamwua. Kwa hiyo timu bado ni yangu, ila sasa nina msaidizi ambaye kwenye karatasi ndiye mkubwa wangu.

Juzi asubuhi Agness aliletea nyumba ya walimu maziwa kutoka kwao. Alipofika barabarani aliona lori linakuja, akakimbia. Alikimbia na lile dumu mkononi, miguu yote miwili, akaruka mtaro, akaja mpaka mlangoni anacheka. Mimi nikashika fremu ya mlango nikalia kama mtoto. Akaniuliza kuna nini. Nikamwambia maziwa yamemwagika. Akaangalia dumu, limejaa.

Barua yako nimeisoma mara nyingi. Nilikuwa na hasira nawe kwa muda mrefu hata nikazoea kuibeba, na bado ipo, siwezi kukudanganya kwamba imekwisha. Lakini sasa ina mwenzake wa kuongea naye. Nimekusamehe kiasi nilichoweza wiki hii. Kilichobaki tutaona.

Kuhusu yule wa benchi. Misimu yote hiyo, Mjomba! Na mimi nisingekuwa na furaha. Umenivunja mara moja kwa kunichezesha, sasa unataka kuniua kwa kunikalisha? Niingize. Usinionee huruma na usinipe mechi nyepesi. Dakika zako ni thelathini, zisizidi. Nikiinua mkono, unione.

Mpwa wako,
Ildefonsa

---

Ngara Mjini,
8 Juni 2025

Ildefonsa,

Marahaba, marahaba tena. Mama yako amesoma barua yako bila ruhusa, akaniletea ndizi. Paa la jikoni nimepanda mwenyewe na ile ngazi, Mama Priscila ananitukana kutoka chini kwamba mzee wa miaka sitini na nne hana anayemhesabia dakika.

Nimekuingiza. Nilisubiri fainali ya msimu, kwa sababu ulisema nisikupe mechi nyepesi. Robo ya kwanza niliiweka simu mezani nisije nikaiangusha. Ulifunga pointi kumi na nane. Katekista anakutafutia mpira kila mahali. Sijawahi kuona timu ile inacheza vile.

Ulipotimiza dakika ishirini na sita uwanjani, mstari wako ukaanza kuwa mwekundu. Zilikuwa zimebaki dakika mbili za mchezo, tuko mbele kwa pointi moja. Humo ndani wachezaji hawainui mkono, lakini nilikuona.

Nikakutoa. Tukafungwa.

Simu nimeiondoa kwenye ile alama ya ndege. Piga wakati wowote, hata kama ni fainali. Nataka kukuuliza habari za goti.

Mjomba wako,
Desderius